Salamu za Njia ya Mgongoni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu au ya vifaranga? Mmekula viazi vyangu vyote, mmeshiba, halafu mnaniitikia kama mmelazwa. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Wewe mwenye blanketi, sogea uwaachie wenzako moto. Na huyo aliyeingia sasa hivi bila kumwambia mtu hujambo, aje akae hapa karibu yangu, maana hadithi ya leo inamhusu.

Zamani hizo, wanyama wakisema na watu, na watu wakiwajibu, palikuwa na kijiji kinaitwa Mgongoni. Kilikuwa juu mlimani. Kutoka kijijini, njia moja nyembamba ilifuata mgongo wa mlima, ndani ya msitu, mpaka mwisho kabisa. Huko mwisho palikuwa na jiwe kubwa lililojitokeza nje, na chini yake hakuna kitu ila hewa. Waliliita Jiwe la Kuchungulia. Walisema mtu akisimama pale anaiona nchi yote ya tambarare, mpaka inapokutana na mbingu. Walisema hivyo, ndiyo. Lakini ukimuuliza mmoja mmoja, "Wewe umeiona?" kila mmoja alikujibu, "Mimi bwana nilikuta ukungu."

Sasa, watu wa Mgongoni walikuwa na adabu. Lo! Adabu mpaka inachosha. Ukikutana na mwenzako njiani huwezi kumpita tu ukamtupia neno kisogoni. Unatua mzigo. Unasimama kando. Unaulizwa: Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mbuzi hawajambo? Maharage yamechanua? Leo kwenu mmewasha moto? Unajibu yote. Kisha unauliza wewe, naye anajibu yote. Mwisho kabisa ndipo mnapeana habari za njia, kwamba kule pana utelezi, kule pana nyuki wakali. Hapo sasa mnajitwisha mizigo na kuendelea. Aliyepita bila kusalimu walisema huyo si mtu, huyo ni upepo, na hawakumjibu neno.

Na wanyama wa msitu ule walikuwa vivyo hivyo. Walikaa na watu hao hao, wangejifunza wapi tabia nyingine?

Basi, mwaka mmoja mvua ilikataa. Chemchemi ya Mgongoni ikawa inadondoka tone, tone, tone, watu wakipanga vibuyu vyao tangu asubuhi. Palikuwa na mama mmoja, Mkawasi jina lake, mwenye watoto wawili, Mwadime na dada yake Mghoi. Mwadime akasema, "Mimi nateremka nchi ya chini kutafuta maji." Siku ya kuondoka akamshika dada yake mkono.

"Dada, nikipata maji sitaweza kurudi kuwaita, maana nikiyaacha, watu wengine watayakalia. Kwa hiyo kila asubuhi nitachoma majani mabichi, moshi upande juu. Ukiuona, washa na wewe moshi wako pale Jiwe la Kuchungulia, nijue mnakuja. Nitawangoja mpaka mwezi wa mavuno ufe. Ukifa sijaona kitu, nitajua hamnitaki tena. Nitakwenda zangu mbali, na hamtaniona."

"Nitauona," Mghoi akasema. "Nenda salama."

Akaenda. Watu wakaanza kupanda jiweni. Alipanda Nyambu mwindaji, mwenye miguu mirefu kuliko watu wote, akarudi akasema, "Nimeona ukungu, ukungu, ukungu." Wakapanda wengine, wakarudi, "Ukungu, ukungu, ukungu." Mwezi wa mavuno ukajaa. Ukaanza kupungua. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakasema Mwadime amekufa huko, hakuna haja ya kujidanganya. Mwezi ukifa tunyoe nywele, tukae matanga, tumlilie, yaishe.

Mama Mkawasi aliendelea kusaga, na jiwe la kusagia halikuwa na kitu juu yake.

Mghoi akasimama. "Mimi sinyoi."

"Mwanamke wewe, watu wamepanda wameangalia!" mkubwa mmoja akafoka.

"Wameangalia nini? Hawakuona moshi, sawa. Lakini hawakuona pia kwamba hakuna moshi. Wameona ukungu. Nitakwenda mwenyewe."

Na mjue kwamba njia ile usiku ilikuwa mali ya chui. Ilikuwa ya watu tangu kunapopambazuka mpaka jua linapoanza kuinama, basi. Hakuna aliyelala jiweni, hakuna aliyetoka kabla giza halijaisha. Kulipopambazuka tu, Mghoi akachukua mzigo wa kuni kichwani na kigae cha makaa mkononi, akaingia msituni.

Msitu ulikuwa kimya, una baridi, ndevu za miti zinaning'inia. Mghoi alitembea akijiuliza maswali. Kweli nchi inaweza kukutana na mbingu? Na hapo zinapokutana, pana mlango? Anayeishi hapo anainama? Alikuwa mtu wa maswali huyo, tangu utoto, mama yake alishachoka naye.

Mbele kidogo akamkuta Mbega amekaa kwenye tawi, manyoya yake meupe yameshuka mabegani, ametulia kama bwana harusi.

"Mghoi! Tua mzigo."

Mghoi akatua mzigo. Hujambo, sijambo. Nyumbani hawajambo, hawajambo. Mbuzi, maharage, moto. Kisha yeye akamuuliza Mbega: watoto, majani, jirani zake wa mti wa pili, ambao Mbega hapatani nao, na hiyo ikawa habari ndefu.

Akajitwisha, akaenda. Akamkuta Hondohondo mbele ya mti wenye tundu. Mnamjua Hondohondo? Mkewe akitaka kutaga, hujifungia ndani ya mti, tundu linazibwa kwa udongo, linabaki tobo dogo la kupitishia chakula. Kwa hiyo hapo unasalimu mara mbili.

"Shemeji Mghoi, tua mzigo. Hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Na mimi je?" ikatoka sauti ndani ya mti. "Mimi sisalimiwi? Nimefungiwa, sijafa!"

Mghoi akaanza upya na mke, neno kwa neno. Akamaliza, akajitwisha, akaenda. Kando ya korongo, penye gogo la kuvukia, akamkuta Mzee Kinyonga juu ya kijiti.

"Shikamoo, mzee."

Kinyonga akageuza jicho moja. Akangoja. Akageuza la pili. Akainua mguu, akafikiri, akaurudisha.

"Ma... ra... haba."

Nyie, sitawasimulia salamu zile zote, moto utazimika. Mghoi alizimaliza, akavuka gogo, akapanda mpaka jiweni huku jua likiwa limeshapanda. Na ukungu ulikuwa unakuja. Ulitoka chini, ukapanda ukuta wa mlima, mweupe, bila sauti, ukiziba huku, ukiziba kule. Pakabaki upenyo mdogo tu. Ndani ya upenyo ule Mghoi akaona kitu cha kijivu kimesimama wima, mbali sana. Akanyoosha shingo. Upenyo ukafungwa.

Ule ulikuwa moshi? Au ni ukungu wenyewe? Alikaa pale mpaka jua likaanza kuinama, hakuona hata vidole vyake vya miguu. Akarudi nyumbani, roho haimtulii.

"Mama, ukungu huwa unafika jiweni saa ngapi?"

"Haufiki. Upo tu, mwanangu."

"Haupo tu. Leo nimeuona ukija. Kuna mtu wa kijiji hiki aliyewahi kufika kabla yake?"

Mama Mkawasi akafikiri. Akataja marehemu, akataja walio hai. "Hapana. Wote waliukuta."

"Basi hauko pale siku zote, Mama. Sisi ndio tunachelewa. Nchi yote iko wazi asubuhi, na sisi tuko njiani tunaulizana habari za maharage!"

"Mghoi! Usitukane salamu ndani ya nyumba yangu," mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wakati huo mwezi ulikuwa umekonda kama ukucha. Kulipopambazuka tena, Mghoi akapiga moyo konde. Akabeba kuni zake na makaa yake, akakimbia. Akamwona Mbega kwenye tawi. "Mghoi! Tua mz..." Akapita, hakugeuka. Akampita Hondohondo. "Shemeji!" Hakugeuka. "Nani huyo?" mke akauliza ndani ya mti. "Upepo," Hondohondo akajibu, midomo imemshuka. Akampita Mzee Kinyonga kabla mzee hajageuza hata jicho la kwanza. Akafika penye gogo, akakanyaga, katikati gogo likakatika, krakata! Mghoi huyoo, korongoni, kwenye miiba, kuni huku, makaa kule, kigae vipande vipande.

Aliyatazama makaa yake yakizimika, akalia. Alipojitoa kwenye miiba na kupanda ukingoni, ukungu ulikuwa umeshaingia mpaka msituni. Kinyonga alikuwa palepale kwenye kijiti chake.

"Mzee, ulijua gogo limeoza?"

"Jana... jioni... nguruwe pori... walilipita. Likalia. Nikajua... limepasuka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Habari za njia... huja mwisho wa salamu. Umepita upepo. Nikasema... upepo hauna miguu. Utaumiaje?"

Jamani, hapo ungejibu nini? Mghoi alirudi nyumbani anachechemea, damu kwenye magoti, na aibu ilimuuma kuliko magoti. Akifuata salamu anachelewa. Akiziacha anaanguka. Na mwezi ulikuwa umebaki uzi tu. Wakubwa wa ukoo wakapitisha neno nyumba hadi nyumba kwamba kesho mchana watanyoa.

Usiku ule Mghoi hakulala. Alijiuliza swali moja tu, akaligeuzageuza: kwa nini tunasimama? Nani alisema salamu lazima zisimame? Mdomo unasalimu, miguu inafanya nini hapo?

Kulipopambazuka, akatoka na kuni mpya na makaa mapya. Alipofika chini ya mti wa Mbega, hakungoja kuitwa.

"Bwana Mbega, hujambo? Jana nilikukosea. Nilikupita kama sina mama. Nisamehe."

Mbega akakunja mikono. "Tua mzigo kwanza, ndipo tuzungumze."

"Situi, Bwana Mbega. Leo nakuomba unisindikize. Twende tukisalimiana. Wewe juu, mimi chini. Uniulize yote, nami nikuulize yote, sitaruka hata moja."

"Salamu za kutembea? Hizo ni salamu au tunafukuzana?"

"Kaka yangu ananingoja, na leo ndiyo siku ya mwisho. Nikichelewa leo, nimempoteza. Na wewe, bwana, miaka yote unakaa kwenye mti huu. Njia hii mwisho wake unaujua?"

Mbega akakuna kidevu. "Mwisho wa njia... Kusema kweli, sijafika. Watu hupita, nawasalimu, wanakwenda. Kuna nini huko?"

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nakwenda."

Mbega akatazama kushoto, akatazama kulia, kuona kama jirani zake wa mti wa pili wanamwona. Kisha akaruka tawi la mbele. "Hujambo?" akasema kutoka juu. "Sijambo!" Mghoi akajibu, miguu inakwenda. "Nyumbani hawajambo?" Tawi, tawi, tawi. "Mbuzi hawajambo?" Tawi, tawi, tawi.

Wakafika kwa Hondohondo. Mghoi akaomba radhi, akaeleza. Hondohondo akasema, "Mimi ningekuja, ila mke wangu yumo ndani."

"Nenda!" mke akapiga kelele kwenye tobo. "Nenda ukaone, urudi uniambie! Mimi nitasalimu kutoka hapa. Mghoi, hujambo?"

"Sijambo, dada!" Mghoi akaitikia, anapita.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, dada!"

"Mbuzi je?" Sauti ilizidi kuwa ndogo nyuma yao, na Mghoi alizidi kupaza yake, mpaka wakaitikiana kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Hakuruka hata moja, kama alivyoahidi. Hondohondo aliruka mbele, akitua na kungoja, akitua na kungoja, mabawa yakivuma.

Kando ya korongo alikuwepo Mzee Kinyonga. Sasa hapo pana kazi. Kinyonga hatembei na mtu. Mpaka ainue mguu, ukungu umefika, umekaa, umeondoka. Na mnajua watu wetu na kinyonga. Hakuna anayemgusa. Mtu mzima na ndevu zake akimwona kinyonga kwenye fito za boma lake, anaita jirani. Mghoi naye alimwogopa tangu utotoni.

"Shikamoo, mzee," akasema. Akanyoosha mkono. "Panda begani kwangu. Tusalimiane tukienda."

Kinyonga akageuza jicho moja. Akageuza la pili. "Hakuna mtu... aliyewahi kuniambia hivyo," akasema. Akaweka mguu mmoja kwenye kidole cha Mghoi, ukawa wa baridi. Akaweka wa pili. Mghoi akafumba macho, akauma meno, akavumilia, mpaka mzee akafika begani, akashika nguo, akatulia. "Habari ya njia... ni kwamba gogo limekatika."

"Hiyo ninayo, mzee," Mghoi akasema, na Mbega akacheka mpaka karibu aanguke.

Mbega akawaonyesha mzizi wa mti uliovuka korongo kwa juu zaidi. Wakavuka. Wakapanda, salamu zinaendelea, huyu anauliza, yule anajibu. Miti ikapungua, ikawa mifupi, ikaisha. Hondohondo akatua. Mbega akashuka chini. Mghoi akakanyaga Jiwe la Kuchungulia, na salamu zikakatika zenyewe, hakuna aliyezikatisha.

Hapakuwa na ukungu.

Nchi ilikuwa imelala chini yao, pana, ya rangi ya ngozi ya simba, na vilima vidogo vidogo, na kivuli cha mlima wao wenyewe kimelazwa juu yake. Mbali, ndani ya vumbi la buluu, nchi ilikutana na mbingu. Hapakuwa na mlango. Zilikutana tu.

"Miti yote imekwenda wapi?" Mbega akanong'ona.

"Yale madoadoa yanayotembea ni nini?" Hondohondo akauliza. "Yana pembe? Ni ya kuliwa?"

Macho ya Mghoi yalikwenda huku, yalikwenda huko, yalirudi. Nchi ilikuwa kubwa mno kwa macho mawili. Moshi ungekuwa wapi humo? Labda wakubwa walisema kweli.

"Mghoi," Kinyonga akasema begani. Jicho lake moja lilikuwa linatazama kushoto, la pili kulia. "Jicho langu hili... linaona moshi."

"Lipi, mzee? Lipi?"

"La kushoto. Penye... ukijani. Mwembamba."

Mghoi akafuata jicho la mzee. Palikuwa na mstari wa kijani, mwembamba, wa miti ya mtoni, na kando yake, moshi wima. Wa majani mabichi. Mzito, mweupe chini, wa kijivu juu.

Alipiga ukelele, mlima mzima ukamwitikia. Akatua kuni, akazipanga, akapuliza makaa. Mbega alirarua majani mabichi kwa mikono miwili, Hondohondo akaleta matawi mdomoni. Moto ukashika, majani yakaanza kulia, moshi ukatoka. Na chini ya jiwe, ukungu nao ukaanza kupanda.

"Haraka, jamani, haraka!" Mghoi akalia. "Mwadime, tazama juu! Tazama juu, ndugu yangu!"

Ukungu ukafika kwenye mapaja ya mlima. Ule moshi wa mbali ukakatika. Mghoi akashika kichwa. Amezima? Ameondoka? Ukungu ukafika kifuani. Kisha, kule chini kwenye mstari wa kijani, moshi ukaruka juu tena. Ukakatika. Ukaruka. Ukakatika. Ukaruka, mara hii mkubwa, kama mtu ametupa kwenye moto kila jani aliloliona. Halafu ukungu ukafunga.

"Amekuona," Mbega akasema taratibu. Na Mghoi akakaa juu ya jiwe, akacheka na kulia pamoja, kinyonga bado yuko begani.

Kule kijijini watu walikuwa wameshakusanyika uani kwa Mama Mkawasi. Wembe ulikuwa tayari, maji yalikuwa tayari. Mama alikuwa amekaa chini, kitambaa cha kichwani ameshakivua. Ndipo wakamwona Mghoi anatoka msituni, amejaa majivu.

Sasa mumjue vizuri Mama Mkawasi. Katika kijiji kizima hapakuwa na mtu wa salamu kumpita. Nyumba yake iliwahi kuungua, na majirani walipokuja mbio na maji, aliwasalimu wote kwanza, mmoja mmoja, na paa likaanguka. Huyo mama aliinuka, akakimbia. Alimfikia mwanawe, akamkamata mabega kwa mikono miwili, na mbele ya ukoo mzima, bila hujambo, bila chochote, akasema:

"Yu hai?"

Watu wakapigwa na butwaa.

"Yu hai, Mama. Nimeona moshi wake, naye ameona wangu. Ana maji. Anatungoja."

Mama Mkawasi akakaa chini palepale, kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akajifuta uso, akasimama, akajifunga nguo yake vizuri kiunoni, akajiweka kando ya njia kama inavyotakiwa.

"Haya," akasema. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Mama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Wote."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Ngano yangu nimeitua hapo. Sina nyingine mgongoni.